Duma na watoto wake wanamtesa mtoto wa swala, watu wapo kwenye magari wanarekodi tu. Tuingilie au tukae kimya?

MLETA MADA

Wakuu habari zenu. Juzi nimeangalia klipu moja mpaka leo haijanitoka kichwani. Duma jike ana watoto watatu, kakamata mtoto wa swala, hakumuua, kawaachia watoto wake wajifunzie. Basi hao watoto wanamkimbiza, wanamuangusha, anainuka, wanamuangusha tena, wanamng'ata ovyo kwa sababu bado hawajui kukaba koo, yaani inaenda hivyo dakika kibao. Pembeni magari yamejipanga na kuna mama anasikika kabisa analia "jamani msaidieni", dereva anamjibu hairuhusiwi, hiyo ni asili, sisi hatuingilii.

Msimamo wangu mimi ni huu: dereva yuko sahihi kumuacha yule swala, ila hilo la "hatuingilii" ni uongo.

Kwanza kwanini yuko sahihi. Duma watu wanamuona fundi wa mbio, kweli kasi yake inakaribia kilomita 100 kwa saa, lakini ni kwa mita mia chache tu, akikosa hapo anakaa chini anahema kwanza. Na akipata bado hajala, fisi akitokea anaachia windo maana mwili wake si wa ugomvi, akiumia mguu mmoja tu ndo basi tena kuwinda. Watoto wake ndo balaa kabisa, kuna utafiti ulifanyika Serengeti miaka ya 80 mwishoni, watoto wasiofika 5 katika kila 100 ndo waliofikia umri wa kujitegemea, wengi waliuawa na simba. Sasa wewe ushuke kwenye gari umnyang'anye yule swala, utakuwa umewanyima watoto watatu chakula na somo kwa mkupuo mmoja, na yule swala kashang'atwa ng'atwa, utampeleka wapi?

Halafu huruma yenyewe inaweza kuua. Mwaka 2016 kule Yellowstone, Marekani, watalii walimuona ndama wa baisani (wale nyati wao wenye manyoya) wakadhani anasikia baridi, wakampakia kwenye gari wakampeleka kwa askari wa hifadhi. Jamaa wakajaribu kumrudisha kundini, kundi likamkataa, akawa anafuata watu na magari barabarani, mwisho wakamuua.

Sasa uongo uko wapi. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa duma wa Masai Mara, wakalinganisha sehemu zenye watalii wengi na zenye wachache. Kwenye watalii wachache duma jike alikuwa anakuza kwa wastani watoto 2.3 kwa uzao, kwenye watalii wengi 0.2. Watoto sifuri nukta mbili wakuu! Na hakuna aliyewagusa, watu walikaa kwenye magari na kamera zao wanasema hatuingilii. Duma anawinda mchana na anategemea macho, ukimzungushia magari windo linashtuka, au mama anatenganishwa na watoto wake.

Kwa hiyo mi swali langu ni moja tu, mkono wa nani umesababisha? Mnyama akinaswa na waya wa jangili, kateni waya hata sasa hivi. Akikamatwa na jino, muacheni. Na gari nalo lihesabiwe ni mkono. Nawasilisha.

MCHANGIAJI WA 1

Mkuu umepanga hoja vizuri ila swala hajui kama ni waya au ni jino, yeye anajua anaumia. Hiyo habari ya mkono wa nani inakusaidia wewe ulale usingizi, yeye haimsaidii kitu. Na hili neno "asili" mnalitumia kama muhuri, likigongwa hakuna kuuliza tena. Malaria nayo si asili? Mafuriko je? Mbona huko hatukai pembeni na kamera. Sijasema tuwanyime duma chakula, nasema angalau mtu akiri kwamba pale kuna mateso na sisi tumechagua kuyaangalia. Wewe hata kukiri umeruka.

MCHANGIAJI WA 2

Hapo kwa mchangiaji wa 1 napinga. Ukianza kuzuia mateso porini utaishia wapi? Mto Mara kila mwaka nyumbu wanazama wakivuka, watafiti walihesabu wakapata wastani wa mizoga 6,250 kwa mwaka, kama tani 1,100 za nyama. Unaweza kusema hasara tupu. Ila wanakula tai, korongo, mamba, samaki, na mifupa inabaki inayeyuka polepole kwa miaka inautia mto fosforasi. Sasa jenga daraja kwa huruma yako uone wangapi watalala njaa.

Na mfano mwingine ni huko huko Yellowstone. Mbwa mwitu wa kule (wale Wazungu wanaita wolf, si hawa wetu) waliuliwa wote, wa mwisho mwaka 1926, watu wakidhani wanawasaidia paa wakubwa wanaoitwa elki. Elki wakajaa wakatafuna miche ya miti mpaka miti haikui. Wakarudisha mbwa mwitu 31 kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, elki wakapungua, miti baadhi ya sehemu ikainuka. (Ile stori kwamba mpaka mito ilibadili njia imetiwa chumvi, wanasayansi wenyewe bado wanabishana, tusiibebe nzima nzima.)

MCHANGIAJI WA 3

Me naona wote mnajadili swala kwa sababu swala ana macho mazuri. Simba wanaua watoto wa fisi kila siku, nani kashawahi kulia msaidieni? Fisi ndo kabisa mmemuandika mwizi, wakati sehemu kubwa ya anachokula kawinda mwenyewe, na Ngorongoro watafiti walipokaa wakafuatilia usiku wakakuta mara nyingi fisi ndo kaua halafu simba kaja kupora, asubuhi watalii wanamkuta simba anakula, fisi wamezunguka, wanasema ona hao wezi. Huruma yetu ina ubaguzi, tukiifanya sheria porini itakuwa sheria ya sura.

MCHANGIAJI WA 4

Mleta mada, kanuni yako ya mkono wa nani ina tundu. Sokwe wakubwa wa milimani, gorila, wale wa Rwanda, Uganda na Kongo, kuna madaktari wa mifugo wanawafuata msituni wanawachoma dawa kwa bunduki ya sindano. Utaratibu wao, wanaingilia kama tatizo limesababishwa na binadamu AU kama linatishia uhai wa mnyama. Umeiona hiyo "au"? Kwa hiyo hata gorila akiugua kivyake anatibiwa. Na imesaidia, sensa iliyotangazwa 2018 ilipita 1,000, na mwaka huo huo wakashushwa daraja la hatari. Kwa kanuni yako ungewaacha wafe.

Mwaka 2018 pia ilionekana kwenye runinga wapiga filamu huko Antaktika wamechimba ngazi kwenye barafu ili pengwini waliokwama bondeni na vifaranga watoke. Hakuna duma aliyenyimwa chakula pale. Nao walikosea?

MLETA MADA

Mchangiaji wa 4 hapo umenibana kweli. Kwa pengwini nakubali moja kwa moja, pale hakuna anayesubiri kula, unatengeneza njia unaondoka, anayetaka kupanda anapanda. Kwa gorila najitetea kidogo: wamebaki wachache hivyo kwa sababu ya nani? Misitu imekatwa na nani? Halafu magonjwa mengi ya kifua wanayopata yanatoka kwetu. Mkono upo, ila ni wa zamani. Najua ukiuvuta hivyo sana kila kitu kitakuwa mkono wetu, hilo tundu nimeliona, sina nguo ya kuliziba leo.

Kwa mchangiaji wa 1: kweli niliruka, ile klipu nimeiangalia mara mbili na mara ya pili nilizima sauti. Nimekiri.

Ila ngoja niwape msaada ninaoukubali mimi kwa asilimia zote. Sotoka. Ule ugonjwa uliingia na ng'ombe mwishoni mwa karne ya 19, ukafyeka ng'ombe na nyumbu na nyati. Walivyoanza kuchanja ng'ombe, nyumbu wa Serengeti wakapanda kutoka kama 250,000 mwaka 1961 mpaka milioni 1.3 hivi kufika mwishoni mwa miaka ya 70. Hakuna aliyemshika nyumbu hata mmoja, walichanja ng'ombe tu. Simba na fisi nao wakafaidi. Hakuna aliyerekodi klipu ya ile kazi, maana nani ataangalia ng'ombe anachomwa sindano.

MCHANGIAJI WA 5

Nimesoma yote, mnamuonea dereva. Mi nimeshakaa kwenye hayo magari kama abiria, nawaambia dereva anajua kabisa asisogee, ila nyuma kuna watu wamelipa hela nyingi wanamgonga bega, sogea kidogo, sogea, ile gari imetuziba, na mwisho wa safari ndo hao hao wanaoamua wampe bahashishi kiasi gani. Masai Mara kuna utaratibu wa magari yasiyozidi matano kwa mnyama mmoja, sasa nenda siku ya nyumbu kuvuka uhesabu. Kwa nilivyoona mimi, huyo mama anayelia msaidieni anaweza akawa ndo yule yule aliyesema dakika kumi nyuma sogea nipate picha.

MCHANGIAJI WA 1

Inawezekana kabisa na ningekuwa mimi labda ningefanya yote mawili, kusogea na kulia. Basi tuanze na hilo la magari, matano yawe matano kweli na dereva asiadhibiwe kwenye bahashishi kwa kukataa. Ila msije mkasema mmeshinda, swali langu la swala hamjalijibu.

MLETA MADA

Halijajibiwa, kweli. Mwenye jibu karibu, ila asianze na neno asili.