Misa ya Bibi: gumzo la kikundi cha ukoo

UKOO WA BABU – MVUMI

Mama Mkubwa: Mbukwenyi wanangu. Misa ya kumwombea Bibi yenu ni tarehe 2 Novemba, saa 12 na nusu asubuhi, hapa Kikuyu, Dodoma. Tukitoka hapo tunaelekea Mvumi makaburini. Mwenye uwezo atoe 5,000 ya mchele, mkaa na maji. Mtumieni Flora.

Elia: Shikamoo Shangazi. Ya chakula natuma sasa hivi. Ila hiyo ya kumwombea Bibi mtanisamehe. Ebrania 9:27, mtu hufa mara moja, kisha hukumu. Maombi yetu ya leo yatabadilisha nini?

Bahati: Haya, tumeanza 😂

Mama Mkubwa: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

Bahati: Kwa wasio na bando: Mama Mkubwa anasema yeye alimzika mama yake, hakumfuta. Na kwamba Elia aliyelelewa na Bibi akiwa na surua leo anamhesabia mistari.

Flora: Kaka Elia, mstari huo na sisi tunauamini. Mtu akifa anahukumiwa hapo hapo. Toharani, yaani kule kutakaswa baada ya kufa, si nafasi ya pili ya kutubu, na hakuna anayetoka huko akatupwa motoni. Walioko huko wameshaokoka, nikitumia lugha yako. Kilichobaki ni kutakaswa, maana Ufunuo 21:27 unasema mjini mwa Mungu hakiingii chochote kichafu.

Elia: Watakaswe na nini tena? 1 Yohana 1:7, damu ya Yesu inasafisha dhambi YOTE. Na yule mnyang'anyi msalabani aliambiwa "leo hii". Hakupitia popote.

Flora: Ni damu hiyo hiyo, hatuna sabuni nyingine. Mnyang'anyi Bwana alimmalizia pale pale, uwezo anao. Kanisa halijawahi kutuambia kutakaswa kunachukua siku ngapi, wala halijatulazimisha kuamini kuna kuni zinawaka mahali. Sasa nikuulize na mimi: 1 Wakorintho 3:15, kazi ya mtu inateketea, anapata hasara, lakini mwenyewe anaokoka kama kwa moto. Hapo unasomaje?

Elia: Paulo anaongelea watumishi waliojenga kanisa la Korintho. Marehemu hawamo.

Flora: Kweli ameanzia kwa watumishi. Lakini anataja "siku ile", na anayepata hasara ndiye huyo huyo anayeokoka. Maana yake mtu anaweza kuwa wa Mungu kabisa na bado ana vitu vya kuunguzwa. Sisi tunaishia hapo, hatuongezi chumvi.

Bahati: Si kuna ule mstari wa Wamakabayo? Katekista alituambia ndio unamaliza kesi.

Elia: 📷 Picha
Ukurasa wa yaliyomo kwenye Biblia yangu. Malaki, halafu Mathayo. Wamakabayo wako wapi?

Flora: Bahati, hauwezi kumaliza kesi kwa mtu asiyekikubali kitabu. Elia, kwetu vitabu ni 73, kwako 66. Mitaguso, yaani mikutano ya maaskofu, ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397 iliviorodhesha, na miji yote miwili iko huku huku Afrika, upande wa kaskazini. Sitaficha kwamba Mtakatifu Hieronimo mwenyewe, mtafsiri wa Biblia, alivitilia shaka vile saba vilivyozidi. Ila hata ukikisoma kama historia tu, 2 Wamakabayo 12 inaonyesha Wayahudi waliwaombea wafu wao zaidi ya miaka mia moja kabla Yesu hajazaliwa. Yuda Makabayo, jemadari wao, alichangisha drakma 2,000 za fedha akapeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya waliokufa. Na Yesu, aliyewakemea Mafarisayo kwa mambo chungu nzima, hili hakulikemea.

Elia: Kutokukemea si kuruhusu, dada.

Flora: Sawa, hiyo nakupa.

Mjomba Mvumi: Nimewasoma nyote. Elia mwanangu, usifanye kana kwamba ni Wakatoliki peke yao. Sisi Waanglikana wa Dodoma tuliletewa Injili na wamisionari wa CMS, kumwombea marehemu hatukufundishwa. Lakini nilipofundisha Masasi, walikoletewa na wamisionari wengine wa Kianglikana, UMCA, Waanglikana wenzangu walikuwa wanawaombea marehemu altareni bila wasiwasi. Kanisa moja, askofu mkuu mmoja. Na vitabu hivyo vya kina Wamakabayo, Kanuni yetu ya 6, katika zile 39 za imani yetu, inaturuhusu kuvisoma kwa mafundisho ya maisha, ila si kujengea imani. Toharani ndiyo tumeikataa, Kanuni ya 22.

Shemeji Singida: Na Martin Luther, aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, mwaka 1528 aliandika kwamba si dhambi kumwombea marehemu faraghani, mara moja au mbili, kisha umwachie Mungu. Alichokataa ni biashara ya misa.

Elia: Hapo sasa! Hiyo biashara ndiyo inanikera. Tajiri anaombewa kila wiki, maskini anasahaulika?

Mama Mkubwa: Elia mwanangu, 5,000 ni ya WALI.

Flora: 😂 Lakini swali ni la haki, tusilikimbie. Uchafu ulikuwepo, Luther hakuota alipoanza kupinga mwaka 1517. Mtaguso wa Trento wenyewe, mwaka 1563, uliwaagiza maaskofu wakomeshe tamaa ya fedha katika jambo hili. Leo sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, inamhimiza padre aadhimishe misa kwa nia ya waamini hata wasipotoa chochote, hasa walio maskini. Na hakuna misa isiyowaombea marehemu wote. Huyo maskini wako anatajwa kila siku altareni, awe na ndugu au asiwe naye.

Elia: Hilo la kila misa sikulijua. Bado sijaona agizo la mitume lakini.

Flora: Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, alipokuwa anakufa kule Ostia, Italia, mwaka 387 hakudai kaburi zuri wala kurudishwa kwao Afrika. Aliwaambia wanawe wamkumbuke tu altareni pa Bwana. Bibi naye alimwambia Mama Mkubwa hivyo hivyo, na alikuwa hajui kusoma. Aliitoa kwao Haubi.

Mama Mkubwa: Alisema "msiniache". Mimi siwezi kumwacha.

Mjomba Mvumi: Dada, nitakuja. Komunyo sitaipokea, utaratibu wenu naujua, ila nyimbo nitaimba. Zile za Bibi nazijua zote.

Elia: Misa hapana, Shangazi, dhamiri yangu hainiruhusu. Nitawapeleka makaburini na Noah, mafuta juu yangu. Pale nitaomba kwa Mungu, nikimshukuru kwa ajili yake.

Mama Mkubwa: Shukuru kwa sauti, usinung'unike. Saa 2 uwe umefika. Usije na ile redio yako ya mahubiri.

Bahati: Flora, namba ya kutuma ni ile ile au umebadilisha laini?