Kiwanja cha mtaa, Tanga: maua yapo, vipepeo hawazaliani

MwanaPongwe
Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu kina kiwanja cha mita 10 kwa 15, udongo wa kichanga, jua kutwa. Tangu masika tuna zinia, alizeti na waridi. Vipepeo wanakuja, wanafyonza, wanaondoka. Kiwavi hata mmoja hatujaona. Mabilinganya ya pembeni nayo yanachanua na kupukutisha maua. Mizinga hatutaki, watoto wanacheza hapo. Kabla ya vuli tupande nini, tubadili nini?

Kitalu_Muheza
Maua ni chakula cha kipepeo mkubwa tu. Jike hatagi mpaka apate mmea ambao wanawe watakula, na kila aina ina mmea wake. Anzeni na mindimu au milimau miwili, mita 3 kati ya mmoja na mwingine, shimo la sentimita 60 kila upande, debe moja la samadi iliyooza vizuri. Hapo atataga yule mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Kiwavi wake akiwa mchanga anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Waelezeni wanakikundi mapema, la sivyo watamponda wakidhani ni ugonjwa wa mndimu.

Kwenye uzio pandisheni pasheni kwa ajili ya vipepeo wadogo wekundu wa jamii ya akrea. Waridi toeni: zile zenye petali zilizojazana, stameni zake (viungo vya kiume vinavyotoa chavua) zimegeuka petali, chavua karibu hakuna. Mahali pake wekeni pentasi na mrehani ulioachwa uchanue. Msichanganye mche mmoja mmoja. Kila aina ipate eneo lake la mita 1 ya mraba, miche 9, sentimita 30 kati ya mche na mche. Mdudu huona fungu la rangi moja kutoka mbali.

Mama_Bustani
Ndugu yangu, mnapuliza dawa gani?

MwanaPongwe
Mwarobaini tu dada, kila wiki. Si tunaambiwa hauna sumu?

Mama_Bustani
Basi hata mngekuwa na mindimu kumi msingepata kipepeo. Mwarobaini una kemikali iitwayo azadiraktini, inayomfanya kiwavi aache kula na ashindwe kujivua ngozi. Dawa haijui huyu ni mharibifu na yule mmemwalika. Acheni kabisa kwenye mimea ya viwavi. Vidukari waosheni kwa maji ya bomba yenye nguvu, mboga zifunikeni kwa neti mpaka zikaribie kuchanua.

Na mkinunua miche, mwulizeni muuzaji kama imewekewa imidakloprid, dawa ya kuua wadudu. Hiyo hunywewa na mmea mzima, ikafika hadi kwenye nekta na chavua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki. Hakika zaidi ni kuotesha mbegu zenu wenyewe.

Nyuki_Mweusi
Nijibu la bilinganya. Chavua yake imefungiwa ndani, inatoka kwa tundu dogo kwenye ncha ya stameni, na haitoki mpaka ua litikiswe kwa mvumo. Nyuki wa asali hana mvumo huo, kwa hiyo mizinga isingewasaidia. Wanaoweza ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, na wengine wanaochimba ardhini. Wekeni gogo kavu la mti laini chini ya kibanda, na acheni mita 2 za mraba za udongo mtupu, bila matandazo wala jembe. Watu hufagia na kutandaza kila pembe kisha wakashangaa nyuki hawapo.

Jaribuni kwanza: kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi tikiseni maua kadhaa kwa kidole na myafunge uzi. Hayo yakishika na mengine yakapukutika, shida ni wachavushaji. Yote yakipukutika, tazameni maji, maana kichanga hukauka upesi.

Kitalu_Muheza
Nilisahau majimoto, wale chungu wanaoshona viota vya majani mitini. Wakipanda juu ya mndimu, mayai na viwavi vimekwisha. Zungusheni plastiki ya upana wa sentimita 10 kwenye shina, pakeni grisi juu ya plastiki, kamwe si kwenye gome lenyewe. Matawi yanayogusa uzio au mti jirani yakateni, ndiyo madaraja yao. Kwenye minazi waacheni, wanailinda dhidi ya kunguni wanaoharibu nazi changa.

MwanaPongwe
Asanteni sana. Kuna jirani ametuahidi vipandikizi vya lantana, anasema vipepeo wanaipenda mno.

Mama_Bustani
Wanaipenda kweli, lakini ikataeni kwa heshima. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na ng'ombe au mbuzi wakila majani wanaugua. Mwombeni vipandikizi vya pentasi: vipande vya sentimita 10, toeni majani ya chini, chomekeni kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Vikiotesha mizizi, hamishieni kiwanjani mvua za kwanza za vuli zikishalowesha udongo.