Sekondari msingi: tableti nimelipia, mtoto ananakili tu! Wazazi tunachezewa

Wazazi wenzangu, naandika nina hasira na sina haja ya kuzificha.

Nina watoto wawili. Binti yangu yuko Gredi ya 8, yaani sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9), katika shule ya kibinafsi hapa Mombasa. Kaka yake mdogo ndiyo kwanza amemaliza KPSEA, ile tathmini ya Gredi ya 6, na Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha fomu ya Gredi ya 7. Nina fomu mbili mkononi, moja ya ile shule ya dadake na nyingine ya shule ya serikali tunayopakana nayo mtaani. Nimetembea kote kuwili na nimerudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Nianze na ya kulipia. Binti alipoingia Gredi ya 7 niliambiwa tableti ni lazima na inanunuliwa pale pale ofisini, shilingi 18,500. Mjini nilikuwa nimeiona ile ile kwa 11,000. Nikauliza kwa nini nisinunue mwenyewe. Jibu: "Mama, ya nje haitaingia kwenye mfumo wa shule." Juu ya hiyo kuna 3,000 za tarakilishi kila muhula. Mimi nauza mitumba Kongowea. 18,500 kwangu ni zaidi ya bei ya bunda zima la nguo. Nililipa, kwa sababu nilijiambia mtoto asije akaachwa nyuma na wenzake.

Mwezi uliopita kioo kikapasuka. Nikaipeleka kwa fundi wa simu Mwembe Tayari, na alipokuwa akiitengeneza nikamwomba anionyeshe huo mfumo wa shule. Akapekua, akapekua, akaniangalia. "Mama, hapa hakuna mfumo. Kuna vitabu vya PDF na michezo miwili ya magari." Vitabu vyenyewe ni vile vile nilivyomnunulia vya karatasi mwezi wa Januari!

Nikaenda shuleni bila kuitwa. Nilifika kipindi cha pili, nikasimama dirishani kwa muda. Mwalimu amekaa. Watoto wamefungua tableti, kila mmoja na daftari lake pembeni, wananakili kutoka kwenye kioo kwenda kwenye daftari, neno kwa neno. Binti yangu anasukuma ukurasa kwa kidole cha mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Nyuma kabisa wavulana watatu wameinamia kifaa kimoja, na kwa jinsi vidole vilivyokuwa vikienda sidhani walikuwa wanasoma. Dakika ishirini nzima sikuona mtoto akiulizwa swali. Sasa niambieni, kuna tofauti gani na mwalimu wa zamani aliyeandika ubaoni nasi tukanakili? Tofauti ninayoiona mimi ni 18,500.

Na nyumbani? Kazi ya ziada inatumwa WhatsApp saa mbili usiku, kwenye simu yangu, kwa bando langu. Mtoto anaandika swali mtandaoni, jibu linatoka limekamilika, analihamisha kwenye daftari, kesho anapata alama ya vyema. Nilimuuliza maana ya sentensi aliyoiandika mwenyewe akanyamaza. Hakuna mwalimu aliyemwambia jibu la mtandaoni linapimwa vipi, wala lini aliamini na lini alikatae.

Basi nikasema, kijana aende shule ya serikali, angalau nisilipie hewa. Nikaenda. Mwalimu mkuu ni mtu muungwana, alinipokea vizuri, akanizungusha. Katika Gredi ya 7 kulikuwa na somo la Pre-Technical, yaani misingi ya ufundi, mada ni kompyuta. Nilimkuta msichana wa dawati la mbele anachora kibodi kwenye daftari. Anachora kwa penseli na rula, visanduku vimepangwa mstari kwa mstari, herufi moja moja, Q, W, E, R, anafuta palipopinda anarudia. Kazi safi kabisa. Nikamuuliza kama amewahi kuigusa kibodi yenyewe. Akatikisa kichwa.

Milango miwili kutoka darasa hilo kuna stoo yenye nondo dirishani na kufuli mbili. Ndani, kabati la chuma. Ndani ya kabati, zile tableti za serikali.

Mnazikumbuka? Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikaingia mizozo, vipakatalishi vikageuka tableti, na mwaka 2016 ndipo zikaanza kufika shuleni, pamoja na projekta na kifaa cha mwalimu. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka huo amefanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, mwaka 2023, ile ya mwisho kabisa. Amemaliza msingi wote, na tableti zake bado ziko kwenye kabati! Mwalimu mkuu anasema nyingi betri zimekufa, na zilizo nzima anaogopa kuzitoa kwa sababu zikiibwa ni yeye atakayeulizwa. Halafu zimewekewa masomo ya watoto wadogo, wa Gredi ya 7 hazimfai. Kwa kuogopa wizi simlaumu sana. Namlaumu aliyeleta kifaa bila fungu la kukitunza.

Wala walimu wa madarasani siwatupii mawe. Wengi wa hawa wa sekondari msingi waliingia kama vibarua wa TSC, tume inayoajiri walimu, kwa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka 2024 waligoma muhula wa pili watoto wetu wakakaa bure. Mmoja niliyemkuta pale anafundisha hesabu, sayansi na hiyo Pre-Technical peke yake. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023 kompyuta lilikuwa somo lake lenyewe. Masomo yalipopunguzwa likamezwa ndani ya Pre-Technical, pamoja na biashara. Mwalimu aliyesomea kilimo anakabidhiwa kompyuta afanyeje, kama hana hata moja ya kuonyesha?

Kinachoniudhi zaidi ni kuwa huu si mwaka wa kujaribia. Katika alama za kuingia sekondari ya juu, KPSEA inahesabiwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20 nyingine, na KJSEA, ile ya Gredi ya 9, asilimia 60. Hapo ndipo mtoto anapelekwa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Binti yangu anataka STEM. Kwa mfumo gani, wa kunakili PDF?

Na mzazi ukiuliza kabla ya kulipa, unaonyeshwa nini? Unaonyeshwa chumba. Kompyuta zimefunikwa vitambaa, unaambiwa "tuna maabara ya kisasa," unapewa soda. Nimeuliza shule zote mbili swali moja: katika wiki, mtoto wa Gredi ya 7 anafanya nini na kifaa, kwa dakika ngapi, na nani anamfundisha? Ya kibinafsi wameniambia nitapigiwa simu. Sijapigiwa. Ya serikali mwalimu mkuu ameniambia ukweli: hakuna.

Nataka ada ya tarakilishi ya mihula yote irudi au nionyeshwe ilikwenda wapi, na barua nimeshaipeleka ofisini, nakala ninayo.

Sasa nyinyi. Mwenye mtoto Gredi ya 7 au ya 8 Kisauni, Nyali, Likoni, popote, naomba asiniambie shule ina kompyuta ngapi. Aniambie mtoto wake alitumia kompyuta darasani mara ya mwisho lini, na alitengeneza nini nayo. Kama iko shule ambayo mtoto ametengeneza kitu, hata jedwali la bei za sokoni, nitajieni mtaa niende kesho, kibanda nitakifunga.