Tupeane uzoefu: ulianzaje kwenye mtandao wa wanachama wa vyama vya wafanyakazi?

Kijana wa Gerezani
Wakuu, habari za jioni. Nipo kiwandani Barabara ya Nyerere. Juzi tumechagua wawakilishi wapya wa tawi nami nimo. Kwenye semina tukaambiwa tufungue akaunti kwenye mtandao wa kijamii wa wanachama wa vyama duniani. Unajaza jina, nchi, chama, sekta, halafu unaingia kwenye vikundi vya watu wa kazi kama yako.

Nimefika kwenye kisanduku cha "mwajiri" mkono ukagoma. Nimekumbuka yaliyompata mwenzetu wa zamu ya usiku kwa ujumbe mmoja tu wa WhatsApp. Mliotangulia, mlijaza nini hapo? Picha mliweka? Na mkishaingia mnafanya nini, maana mimi nilikuta watu wanaongea Kihispania na Kituruki tu.

Karani Mstaafu
Umenirudisha mbali sana, mwanangu. LabourStart, wale wa tovuti ya habari za vyama vya wafanyakazi duniani, walipoanzisha mtandao wa namna hiyo ulioitwa UnionBook mwaka 2009, mimi nilikuwa katibu wa tawi. Watu wanauliza kwa nini wasitumie tu Facebook. Mwaka 2008 Facebook ilimfungia akaunti mratibu mmoja wa chama kule Kanada kwa sababu aliongeza marafiki wengi kwa haraka. Sasa mratibu wa chama kazi yake ni nini kama si kuongeza watu? Ndipo ukatafutwa uwanja wetu wenyewe, usio na matangazo ya biashara.

Dar tulikuwa tunaingilia kwenye kafe za intaneti za Kariakoo na Posta. Unalipia nusu saa, ukurasa unafunguka polepole hadi muda unakaribia kwisha. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulitufikia Julai mwaka huohuo wa 2009, kasi ikaanza kubadilika.

Kwenye akaunti niliandika chama, sekta na Dar es Salaam, basi. Mwajiri niliacha wazi. Siku za mwanzo nilisoma tu. Halafu nikauliza swali moja: kwenye mikataba yenu ya hali bora, ile chama kinayosaini na mwajiri, usafiri wa zamu ya usiku mmeuandikaje? Ndugu mmoja wa Durban akanitumia kipengele chao kizima. Tulikitafsiri na katibu mwenzangu kwenye baraza la nyumba yake Chang'ombe, tukakipeleka mezani. Mwajiri alibishana sana lakini gari la saa sita usiku lilipatikana. Kwa hiyo kijana, ukiingia huko nenda na swali la kazi. Ukisema "habari zenu" tu utajibiwa "nzuri" na mambo yataishia hapo.

Mbagala Rangi Tatu
Naunga mkono. Mwajiri usiandike kabisa.

Dereva wa Ubungo
Mimi sikubaliani na wazee wa kuacha wazi. Jina langu kamili lipo, sura yangu ipo, kampuni nimeandika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 9, inanipa haki ya kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake halali. Nikijificha nitamwambiaje mwenzangu wa gereji asiogope?

Kivuko
Mimi nimeweka picha ya kivuko cha Kigamboni. Meneja hawezi kukiita kivuko ofisini.

Mama Temeke
Dereva kaka yangu, kifungu hicho nakijua kwa moyo. Ngoja niwasimulie, maana uzi huu umenitonesha.

Nilikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha nguo hapa mjini, sitakitaja. Niliingia kwenye mtandao wa namna hiyo kupitia simu yangu, nikajiunga na kikundi cha washonaji. Akina dada wa Bangladesh walikuwa wengi humo. Tulianza na mambo ya malengo ya siku na mafuta ya mashine kuchafua nguo, vitu vya kawaida. Siku moja dada mmoja akauliza wote: mlango wenu wa dharura umefunguliwa au umefungwa? Akaeleza kiwanda cha Tazreen, nje ya Dhaka, kilivyoungua Novemba 2012 wakafa watu zaidi ya 110, na milango ya kutokea ilikuwa na kufuli. Nilisoma nikiwa kwenye daladala nikashuka kituo kisicho changu.

Kesho yake mchana nikaenda nyuma ya mstari wetu. Mlango wa dharura una kufuli, na mbele yake yamepangwa marobota ya vitambaa mpaka juu. Nikapiga picha. Niliiweka kwenye kikundi cha washonaji na kwenye grupu la WhatsApp la mstari wetu, nikaandika: huu ni mlango wetu, tukiungua tunapita wapi?

Asubuhi iliyofuata sijakaa hata kwenye mashine, naitwa. Ofisini wako watatu. Mezani ipo ile picha, imechapishwa kwa rangi, na juu yake namba yangu ya simu. Pembeni barua ya kujiuzulu imeshaandikwa, jina langu limekosewa herufi moja, inasubiri saini. Nikaambiwa saini uondoke salama, usiposaini tunakuita polisi kwa makosa ya mtandao. Jamani, miguu ilikufa ganzi. Nyumbani nina watoto, mume wangu hana kazi ya kudumu. Nikasema kitu kimoja tu: nahitaji mwakilishi wa tawi awepo. Wakacheka. Nikarudia. Yule mkubwa akasimama akafungua mlango akamwambia mlinzi, mtoe.

Nilipitishwa katikati ya kiwanda mbele ya wenzangu, aproni imevuliwa, mkasi wangu mwenyewe wamebaki nao. Mashine zilinyamaza mstari hadi mstari. Sijawahi kusikia kiwanda kile kimya mchana. Hakuna aliyepanga, hakuna aliyetoa amri. Mama mmoja mtu mzima, hata mikutano ya tawi alikuwa haji, akapaza sauti: "Fungueni mlango kwanza!" Wakaitikia wote. Nikiwa nje ya geti niliwasikia. Saa nane mchana yule mama alinipigia simu akilia, marobota yamehamishwa, kufuli limekatwa.

Kazi nilifukuzwa hivyohivyo.

Mbagala Rangi Tatu
Aisee. Nimesoma nimesimama.

Mshonaji Keko
Dada pole sana. Nani aliipeleka picha ofisini?

Mama Temeke
Alikuwa fundi mwenzetu. Alipandishwa kuwa msimamizi wa mstari na hakuna aliyekumbuka kuwa bado yumo kwenye grupu. Tulikuwa tunamwandikia yeye mwenyewe mipango yetu kila siku.

Kijana wa Gerezani
Hapo umenigusa. Msimamizi wetu mpya na yeye yupo kwenye grupu la tawi mpaka leo.

Nyundo ya Vingunguti
Samahani lakini hii naiona kama chai. Kiwanda kizima kinyamaze kwa mtu mmoja? Dar hii ninayoijua mimi?

Mama Temeke
Njoo nikuonyeshe fomu ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye muhuri, halafu urudie hilo neno mbele yangu. Nilikaa kwenye zile benchi kusubiri usuluhishi nikiwa na mtoto mgongoni. Usiniite mwongo kwa jambo lililonila.

Karani Mstaafu
Nyundo, mwombe dada radhi. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na Reli ya Kati kwenda bara. Hawakuwa na simu wala mtandao, habari zilibebwa na watu wa reli kutoka stesheni hadi stesheni. Watu wakichoka wananyamaza pamoja, na wakiamua wanasema pamoja. Si jambo la ajabu katika mji huu.

Nyundo ya Vingunguti
Nimeuliza tu. Radhi, dada.

Dereva wa Ubungo
Dada, ikaishaje? Ulirudishwa?

Mama Temeke
Tulimalizana kwenye usuluhishi. Walinilipa, na barua safi ya utumishi nikapewa. Sikutaka kurudi. Sasa nashona kwangu. Ila nilichelewa kidogo nusura nifungiwe nje, mtu aliniambia nina siku 60.

Mwalimu wa Zamu
Hapo pashikeni vizuri, maana watu wanapoteza haki zao hapo kila siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Hizo 60 ni za migogoro mingine. Ukichelewa unalazimika kuomba kibali cha kuchelewa na kueleza sababu, na si kila sababu inakubaliwa. Unajaza Fomu Namba 1 na mwajiri anapewa nakala.

Mbagala Rangi Tatu
Mimi ofisa wa chama aliniambia nisubiri kwanza wazungumze na mwajiri kirafiki.

Mwalimu wa Zamu
Wazungumze, lakini wewe siku zako zinahesabiwa. Peleka fomu, mazungumzo yaendelee.

Tisheti na Kofia
Mnaongelea mitandao ya dunia wakati chama cha hapahapa tunakatwa mshahara kila mwezi na tunachokiona ni tisheti na kofia ya Mei Mosi. Tukifukuzwa, simu ya katibu haipatikani. Mtu wa Durban ndiye anayenijibu, wa Mnazi Mmoja hanijibu. Huoni aibu hapo?

Mwalimu wa Zamu
Aibu ipo, siipingi. Nakuuliza na wewe, mkutano wa tawi wa mwisho ulihudhuria? Sheria inasema sehemu yenye wanachama zaidi ya 100 ina haki ya wawakilishi 15. Kwenu wapo wangapi?

Tisheti na Kofia
Watatu. Mmoja amehamia Dodoma.

Mwalimu wa Zamu
Basi kama wanachama mmezidi 100, nafasi 13 zipo wazi na mnalia na kofia. Jazeni. Katibu asiyepokea simu ya mtu mmoja atapokea ya wawakilishi 15.

Tisheti na Kofia
Maneno ya viongozi hayo. Lakini nitalisema Jumatatu.

Mlinzi wa Usiku
Mimi nasoma kwa simu ya mwanangu. Lindo letu Masaki tuko wengi na karibu wote tuna simu za vitochi, zisizo na intaneti. Mitandao hii inatuacha nje. Kampuni ilitupa simu moja ya lindo yenye intaneti, ndiyo vijana wanataka kuitumia kujiunga.

Kivuko
Baba, simu ya lindo hapana! Hiyo ni sawa na kumpa meneja barua akakupelekee posta.

Mshonaji Keko
Na Wi-Fi ya ofisi msiiguse. Bando lako, simu yako, muda wako wa mapumziko.

Dereva wa Ubungo
Mzee shikamoo. Sisi madereva tulifanya hivi: mmoja mwenye simu kubwa anaingia mtandaoni, anasoma, anafupisha kwa ujumbe mfupi wa kawaida, anawatumia watano, kila mmoja wa wale ana watano wake. Ujumbe unafika gereji zote kabla ya chai ya saa nne. Kitochi kinatosha kabisa kwa hilo.

Mlinzi wa Usiku
Marahaba mwanangu. Hiyo tunaiweza.

Programu ya Sinza
Sisi wa magari ya kuitwa kwa simu kisanduku cha mwajiri tuandike nini? Programu inanikata asilimia, inanifungia akaunti ikitaka, halafu inasema mimi si mfanyakazi wake.

Dereva wa Ubungo
Andika dereva. Kenya, Uingereza, Marekani, wenzako wanapigania jambo hilohilo, utawakuta humo.

Mbagala Rangi Tatu
Na msiweke mayai yote humo. Mwaka 2025 X ilipofungwa hapa nchini, waliokuwa wanategemea huko tu kupeana taarifa walihangaika. Namba za wenzako ziandike kwenye daftari.

Kijana wa Gerezani
Nashukuru wakuu. Mwajiri nitaacha wazi, picha nitaweka yangu, hapo namfuata Dereva. Na leo usiku nafungua grupu jipya la tawi, tutaingizana kwa kufahamiana mmojammoja, la zamani libaki la misiba na harusi. Nauliza: mtu anayetaka kuwa mwanachama baada ya kusoma huko mtandaoni, anajiungia hukohuko?

Mwalimu wa Zamu
Hapana. Akaunti ya mtandao haikupi uanachama. Anajaza TUF 6, fomu ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, kwa mwakilishi wa tawi, anasaini, fomu inapelekwa kwa mwajiri ndipo ada inaanza kukatwa. Abaki na nakala yake, wengine fomu zao zililala kwenye droo ya utumishi.

Zuhura wa Mikocheni
Samahani kuingilia. Mimi ni dada wa kazi za ndani. Simu ninayo lakini bando ni la mama mwenye nyumba, na huwa anaishika. Kuna chama cha watu kama mimi au nyie ni wa viwandani tu?

Mama Temeke
Kipo mdogo wangu, CHODAWU, wanahusika na wa hotelini na wa majumbani. Usitafute kwa simu hiyo. Siku ya mapumziko yako ni lini?

Zuhura wa Mikocheni
Jumapili mchana, nikirudi kanisani na wenzangu wa mtaa huu.

Mama Temeke
Wako wangapi hao wenzako?