Majimbo ya Marekani na kampuni za sigara: bili za matibabu zilipigiwaje hesabu?

Msomaji_wa_Hukumu: Wakuu, mwaka 1998 majimbo 46 yalimalizana na kampuni za sigara kwa takriban dola bilioni 206 ndani ya miaka 25. Lakini mvutaji mmoja mmoja alikuwa akishindwa mahakamani, anaambiwa alijitakia. Serikali ilipitia mlango gani? Na hasara ilithibitishwaje bila kumwita kila mgonjwa?

Shamba_la_Sheria: Alibadilishwa mdai. Mississippi, ya kwanza kushtaki (Mei 1994), haikudai kwa niaba ya wagonjwa. Ilidai fedha zake yenyewe, zilizolipia matibabu ya wasiojiweza kupitia Medicaid, mpango wa serikali wa bima ya afya. Jimbo halijawahi kuvuta hata pafu moja, kwa hiyo "ulijitakia" inakosa wa kumshika. Florida mwaka huohuo ilirekebisha sheria yake, ikaruhusu ushahidi wa takwimu na kugawa deni kulingana na soko la kila kampuni.

Takwimu_Tu: Hesabu huenda ugonjwa kwa ugonjwa. Tafuta p, sehemu ya watu wanaovuta, na R, mara ngapi hatari ya mvutaji inazidi ya asiyevuta. Fungu la sigara, yaani sehemu ya bili iliyosababishwa na uvutaji = p(R−1) ÷ [p(R−1) + 1].

Tuseme p ni 0.25. Saratani ya mapafu, R ikiwa 20: 4.75 ÷ 5.75, karibu asilimia 83 ya bili. Moyo, R ikiwa 2: asilimia 20 tu. Ukibandika kiwango kimoja kwa magonjwa yote, wataalamu wa upande wa pili watakuchana vipande. Kosa la kimyakimya zaidi ni kuwaweka walioacha kuvuta pamoja na wasiowahi kuvuta. Hatari yao bado iko juu, R inashuka, dai linayeyuka.

Jiandae pia na hoja ya pensheni: wavutaji wakifa mapema, si serikali inaokoa pensheni zao? Ripoti iliyolipiwa na kampuni ya sigara ya Philip Morris kuhusu nchi ya Czech, 2001, ilisema hivyohivyo. Kampuni ikaishia kuomba radhi.

Mzee_wa_Mikataba: Hizo bilioni 206 si hundi moja. Malipo ya mwaka hupanda kwa mfumuko wa bei, angalau asilimia 3, na hushuka sigara zikiuzwa chache. Wala mkataba haukuyabana majimbo yatumie fedha kwenye afya. Mengine yaliuza hati fungani kwa kutegemea malipo yajayo.

Kenya ilikata njia ya mkato: Kanuni za tumbaku za 2014 zinazidai kampuni asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao za tumbaku kila mwaka.

Msomaji_wa_Hukumu: Hiyo ni fidia au kodi, mkuu?

Mzee_wa_Mikataba: Kampuni ya sigara ya BAT walisema ni kodi iliyovishwa jina jingine. Wakafika nayo hadi Mahakama ya Juu, wakashindwa Novemba 2019.