Leza ya kuondoa miwani iingie kwenye bima au tujilipie wenyewe?

Mpima Viwanja
Wakuu salaam. Mimi mtumishi, macho yangu minus 7.5 yote mawili, yaani mbali sioni bila miwani. Asubuhi natafuta miwani kwa kupapasa sakafuni kama mtu aliyeangusha hereni. Kazini ndiyo balaa: jua la saa saba, jasho, miwani inateleza puani, na kila nikiinamia mashine ya kupimia, kioo kinagonga kioo. Kila mwezi NHIF, mfuko wetu wa taifa wa bima ya afya Tanzania, wanakata asilimia 3 ya mshahara wangu, mwajiri anaweka 3 nyingine, na toka niajiriwe sijalazwa hata usiku mmoja. Juzi nimeuliza dirisha la bima kuhusu leza, dada hata hakuinua uso: "Haimo." Sasa miwani ya miaka 30 na leza ya mara moja, ipi ghali? Karibuni tujadili, matusi hapana.

Kamba Mbili
Mkuu bima ni ya ugonjwa. Wewe ukivaa miwani unaona, shida iko wapi? Kuna wazee wenye mtoto wa jicho wanashikwa mkono kwenda chooni, hao ndio wa kwanza. Uingereza kwenyewe, NHS yao hiyo, huduma ya afya ya serikali wanayojivunia, leza ya kuondoa miwani kwa kawaida unajilipia. Halafu siku hizi miwani imekuwa swaga. Ingia shule yoyote, nusu ya walimu wamevaa zile za Kariakoo za buku tano waonekane wasomi.

Mama Chaki
@Kamba Mbili hebu rudia hapo kwa walimu.

Nina mikondo mitatu. Daftari zaidi ya mia mbili kwa wiki, nasahihisha usiku kwa taa ya sola inayozimika saa nne. Miwani yangu ina mkono mmoja wa kiwandani, mwingine umefungwa na uzi mweusi kwa sababu nati ilidondoka kwenye daladala na konda hakutaka kusimama niitafute. Hiyo ndiyo swaga? Na za buku tano unazocheka ni za kusomea, zile za plus. Ukivuka 40 lenzi ya ndani ya jicho inaanza kukakamaa, utasogeza simu mbali mpaka mkono uishe. Siku hiyo tutaonana hapo hapo Kariakoo, nitakuchagulia fremu.

Chotara wa Kigogo
Kumbe ndo maana 2009 nilipewa 34 badala ya 84. Nilisema mimi.

Mama Chaki
Na hiyo 34 niliona nimekuhurumia.

Kamba Mbili
Sikusema walimu wote. Nimesema nusu.

Mama Chaki
Nusu ulihesabu lini? Leta majina ya shule.

Bavicha Mstaafu
Mnatoka nje ya mada. Macho ya vijana yanaharibiwa na simu. Mtu analala na simu usoni, halafu anataka tumlipie leza. Baba yangu alisoma gazeti bila miwani mpaka anafariki. Karoti na mchicha.

Chotara wa Kigogo
Mzee wako alisoma gazeti lipi? La kufungia vitumbua?

Bavicha Mstaafu
Chunga mdomo. Huyo ni marehemu.

Chotara wa Kigogo
Samahani mzee, nimefuta kauli. Ila karoti inakupa vitamini A, namba za miwani haziondoi. Nilikula mwaka mzima nikawa rangi ya embe tu.

Ally Mtoto wa Tandika
Sijaelewa mnabishania nini. Mama yangu kapigwa leza ya macho mwaka juzi, kwa kadi, hatukutoa hata mia. Aliyemwambia mtoa mada haimo kamdanganya.

Mpima Viwanja
Si mnaona! Sasa kwa nini mimi nikatazwe? Kuna watu na viatu nchi hii.

Nesi wa Macho
Ally, mama ana kisukari?

Ally Mtoto wa Tandika
Ndiyo. Umejuaje?

Nesi wa Macho
Kwa sababu leza siyo moja. Mama amechomwa leza ya retina, nyuma kabisa ya jicho, kuzuia vile vimishipa vibovu vinavyoletwa na sukari visije vikavuja damu akapofuka. Hayo ni matibabu. Kuna nyingine ya mtu aliyeshatolewa mtoto wa jicho, baada ya muda utando nyuma ya lenzi ya bandia unaingia ukungu kama kioo cha bafuni, wanautoboa kwa leza dakika chache. Nayo ni matibabu. Ya Mpima inachonga konea, kile kioo cha mbele, ili mwanga utue pale unapotakiwa. Jicho halina ugonjwa, lina umbo.

Na Mpima, minus 7.5 ni nyingi. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo konea inavyochongwa zaidi, kwa hiyo lazima ipimwe unene kwanza. Ikiwa nyembamba, au imeanza kuchongoka mbele, hakuna daktari mwaminifu atakayekugusa. Wengine wanabaki na macho makavu wanatembea na matone mfukoni. Na ukifika 40 na kitu, ile miwani ya buku tano ya mwalimu inakungoja vilevile.

Mpima Viwanja
Dada konea yangu hujaiona, usinitishe. Na "umbo" ndiyo nini? Mguu wa kifundo nao ni umbo, mbona mtoto anatibiwa?

Nesi wa Macho
Mguu wa kifundo hauna miwani.

Chotara wa Kigogo
😂😂 Hapo mkuu umekaa.

Wanjiku wa Githurai
Ndugu zetu mnalia na asilimia 3? Huku kwetu Kenya tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ichukue nafasi ya NHIF yetu Oktoba 2024, ni 2.75 ya mshahara wote na haina mwisho. Zamani hata ukiwa mkubwa namna gani ulikuwa unakatwa shilingi 1,700 kwa mwezi basi. Saa hii bosi wangu anakatwa pesa ya kununua mbuzi kila mwezi na bado dawa anaambiwa anunue nje. Leza nyinyi mtangoja sana.

Kamba Mbili
Wakenya kila uzi lazima mje kulia. 2.75 na 3 ipi kubwa? Kahesabu tena.

Wanjiku wa Githurai
Yako mwajiri anakuongezea, yangu haongezi kitu. Wewe ndio ukahesabu.

Kamba Mbili
Haya, hapo nimekubali. Kwa shingo upande.

Muuza Mitumba
Naomba kusema kitu kimoja. Mtumishi anakatwa 3, mwajiri anaweka 3. Mwajiri ni serikali. Serikali inatoa wapi? Kwenye kodi, na ushuru wa meza yangu umo. Maana yake nusu ya leza ya Mpima naichangia mimi, na mimi kadi sina. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni 2023, nikabaki naisikia redioni tu.

Na mkumbuke Toto Afya, ile bima ya watoto ya NHIF. Kadi ilikuwa 50,400 kwa mwaka, mwaka huohuo 2023 wakasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja. Sababu waliyotoa ni kwamba wazazi walikuwa wanakata kadi mtoto akishaugua. Sasa leza mkiiweka, si watu watajiunga Januari, wakapigwa leza Machi, mwakani hawaonekani?

Mpima Viwanja
Nani kakukataza kujiunga? Mimi nakatwa, sijaombwa. Na usiite ushuru wa meza kodi, mwenzio nakatwa PAYE, kodi ya mshahara.

Muuza Mitumba
Nimeuliza la Toto Afya.

Bavicha Mstaafu
Kadi yenyewe haina uhakika. Machi 2024 hospitali binafsi ziligomea kitita kipya cha NHIF, yaani bei mpya za kulipwa huduma, wenye kadi wakarudishwa getini. Kwanza walipane, leza baadaye.

Ally Mtoto wa Tandika
Nesi samahani, nirudi kwa mama. Anasema anaona kama nzi weusi wanapita kwenye jicho la kushoto, toka jana jioni. Kawaida?

Nesi wa Macho
Ni wengi ghafla? Anaona mwanga unamulika, au kama pazia linashuka?

Ally Mtoto wa Tandika
Nzi wengi. Pazia hapana. Kliniki yake ni Alhamisi.

Nesi wa Macho
Alhamisi mbali. Mpeleke leo hii, usingoje kliniki. Beba kadi na karatasi ya ile leza. Mwambie asiendeshe chochote.

Ally Mtoto wa Tandika
Tunatafuta bajaji sasa hivi.

Mpima Viwanja
Apone haraka mzee wetu.

Mwalimu, hiyo nati usihangaike kununua miwani mpya. Kuna fundi saa karibu na stendi ya Temeke, nati alinifungia kwa mia tano, akaweka na gundi ya kucha isilegee. Nenda asubuhi, mchana anafunga.

Mama Chaki
Asante mwanangu. Kamba Mbili bado nasubiri majina ya shule.