Baba anakohoa mwezi wa pili, anakunywa mwarobaini. Ipo dawa ya miti inayoua bakteria wa mapafu?

Mama Nuru
Habarini wana jukwaa. Baba yangu ana miaka 63, yuko kijijini nje kidogo ya Korogwe. Anakohoa mwezi wa pili huu. Asubuhi anakunywa mwarobaini, usiku anajifukiza mkaratusi na mchaichai, na kuna unga wa mizizi aliuziwa mnadani akaambiwa unasafisha mapafu. Kikohozi kimepungua makali, ila mwili unaisha, suruali sasa anaifunga kwa kamba. Usiku shuka linalowa jasho. Duka la dawa walimpa amoksilini, akamaliza dozi, hali ni ileile. Nikimtajia hospitali anasema vidonge vitamharibu ini, na kwamba babu zetu walipona kwa miti. Wajukuu wawili wanalala naye chumba kimoja. Mwenye uzoefu anisaidie: ipo dawa ya asili inayoua hao bakteria? Na akianzishiwa za hospitali, achanganye?

Tabibu wa Usambara
Pole kwa kuuguza, mwanangu. Mimi ni tabibu wa tiba asili, nimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kazi nimeirithi kwa mama yangu. Miti ndiyo inayonilisha. Mgonjwa kama huyo uliyemweleza simpi hata jani. Namwandikia karatasi aende akapime makohozi.

Kikohozi kilichopita wiki 2, jasho la usiku, kukonda: hapo sisi wa mizizi na wale wa sindano tunasema kitu kimoja, ashukiwe kifua kikuu (TB) mpaka kipimo kiseme vingine. Amoksilini peke yake haitibu kifua kikuu, kwa hiyo kumaliza dozi bila nafuu ni sababu nyingine ya kwenda kupima haraka.

Kilichonitia hofu zaidi ni hapo uliposema kikohozi kimepungua makali. Mkaratusi kazi yake ndiyo hiyo. Mvuke unafungua kifua, makohozi yanalegea, mgonjwa analala na nyumba nzima inashukuru. Mdudu naye yuko palepale kwenye pafu, anaendelea kula. Nimewaona wengi wanaoletwa kwangu wakiwa wamebaki mifupa kwa sababu ya nafuu ya namna hiyo.

Umeuliza kama ipo inayoua. Kitunguu saumu kilichopondwa kinaua bakteria wa aina nyingi kwenye kisahani cha maabara, hilo limepimwa. Lakini kwenye kisahani dawa inamwagiwa mdudu moja kwa moja. Ukiimeza inapita tumboni, inapita kwenye ini, na hakuna aliyethibitisha kwamba kinachofika kwenye pafu kinatosha kuponya TB. Isitoshe huyu mdudu ana ganda la nta, na huzaliana polepole sana, mara moja kwa saa 20 hivi. Kumng'oa kunataka muda. Ndiyo maana tiba ya kawaida ni dawa 4 kwa miezi 2, halafu dawa 2 kwa miezi 4 mingine, na zote zinatolewa bure.

Habari ya babu zetu kupona: kabla ya streptomaisini, dawa ya kwanza ya kumuua mdudu huyu, kugunduliwa mwaka 1943, karibu nusu ya wagonjwa wa TB walikufa, Ulaya na kwetu. Tunaowasikia ni waliobaki kusimulia.

Sasa, makohozi. Akipewa kikopo, asubuhi kabla ya kula asukutue kwa maji matupu, akae nje penye hewa, mbali na watu. Avute pumzi kwa nguvu mara kadhaa, kisha akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Yanayotakiwa ni yale mazito. Mate hayafai, na wazee wengi hutema mate wakarudi nyumbani na jibu lisilo la kweli. Uliza kama wana mashine ya GeneXpert. Hiyo hutoa jibu kwa saa 2 hivi, na inaonyesha pia kama mdudu amekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya zile dawa 4.

Mwana wa Mkonge
Tabibu, heshima yako, ila nakupinga kidogo. Mseto wa malaria umetoka kwenye mmea wa artemisia wa Wachina, na mwanasayansi wao Tu Youyou akapewa Nobel mwaka 2015. Halafu kuna yule Mwingereza, Charles Stevens, alikwenda Afrika Kusini mwaka 1897 akiwa na TB, mganga wa huko akampa mzizi, akarudi kwao mzima. Mzizi huo unauzwa Ujerumani hadi leo. Kwa nini wetu udharauliwe?

Tabibu wa Usambara
Sijaudharau. Huo mzizi unauzwa kwa kikohozi cha mafua na bronkaitisi, yaani uvimbe wa njia za hewa. Stevens aliuuza Uingereza kama dawa ya kifua kikuu, na madaktari hawakuuchukua kwa kazi hiyo. Na Tu Youyou alichambua jani mpaka akapata kitu kimoja ndani yake, kikapimwa, dozi yake ikajulikana. Baba wa huyu binti leo anachemsha majani mengi, kesho machache, na ule unga wa mnadani hakuna anayejua una nini. Kazi ya kuchambua inafanyika Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, na natamani ipewe fedha za kutosha. Lakini mzee hawezi kusubiri utafiti uishe.

Bibi Afya (muuguzi mstaafu)
Naongeza la watoto, maana watasoma na wenye wachanga. Nimonia haisubiri. Hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima mtoto akiwa ametulia: chini ya miezi 2 zikifika 60, miezi 2 hadi 11 zikifika 50, mwaka 1 hadi 4 zikifika 40, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, ondoka muda huohuo. Asimpeleke mtu mtoto kukatwa kimeo. Nimepokea watoto wanaovuja damu kooni na nimonia iko vilevile. Na asali asipewe aliye chini ya mwaka 1.

Mama Nuru
Shikamoo Tabibu, shikamoo Bibi. Nimemsomea baba maneno ya Tabibu kwa simu. Kwa kuwa yametoka kwa mtu wa miti, amekubali, Jumatatu nampeleka. Ila anauliza kuhusu ini, na kama ataendelea na mwarobaini.

Tabibu wa Usambara
Marahaba, mwanangu. Mwambie hofu yake ya ini ina msingi. Baadhi ya hizo dawa zinaweza kulichosha, na ndiyo sababu asiongeze mwarobaini wala ule unga juu yake. Aupeleke unga wenyewe amwonyeshe daktari, asifiche. Chai ya tangawizi anywe. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa asishtuke, ni rifampisini. Macho yakiwa ya njano, au akitapika mfululizo, arudi kliniki siku hiyohiyo.

Kuanzia leo alale peke yake, dirisha wazi. Na Jumatatu nenda na wajukuu wote wawili wakachunguzwe. Wakimkuta babu ana TB, walio chini ya miaka 5 hupewa dawa ya kinga hata kama hawakohoi.